Mnaoenda kidato cha tano na Hesabu: kinachowaangusha mlishakisoma kidato cha pili (uzi mrefu)

Mwalimu wa Kirumba (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka simu yangu haipumziki. Wazazi wa hapa Mwanza, kuanzia Igoma mpaka Nyegezi, na wengine kutoka Sengerema na Ukerewe, wananiuliza swali lile lile: "Mwalimu, mtoto amefaulu hesabu, aende PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu) au tumpeleke CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia) asije akaumia?" Badala ya kumjibu mmoja mmoja, naandika hapa ili na watoto wenyewe wasome.

Nafundisha Hesabu kidato cha tano na sita, huu ni mwaka wa tisa. Kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi wa PCM, na muhula wangu wa kwanza nilipata 17 kwa 100. Nitaifikia hiyo.

Kwa wasiojua: kuna Hesabu mbili kule juu. Kuna BAM (Basic Applied Mathematics), ambayo PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia), CBG, HGE (Historia, Jiografia, Uchumi) na wenzao wanaisoma kama somo la nyongeza. Halafu kuna Advance yenyewe (Advanced Mathematics), somo kamili, iliyoko PCM, PGM (Fizikia, Jiografia, Hesabu) na EGM (Uchumi, Jiografia, Hesabu). Uzi huu ni wa Advance. Wanafunzi niliowapitisha walifanya karatasi mbili, saa tatu kila moja. Ya kwanza maswali kumi, yote lazima. Ya pili manne ya lazima, kisha unachagua mawili kati ya manne. Ukifika 80 una A, ukishuka chini ya 35 una F, na pointi za masomo yako matatu ndizo zinazokupa divisheni. Hayo yanatosha kwa upande wa mtihani.

Sasa hoja. Vijana wanaripoti Julai wakiwa na hofu ya kalkulasi, yaani difrensiesheni (kutafuta kasi ya mabadiliko) na intigresheni (kinyume chake). Kaka zao wamewaambia intigresheni inaua. Mimi kila Julai, siku ya kwanza, nawapa karatasi yenye mambo ya kidato cha kwanza mpaka cha tatu tu. Swali mojawapo: rahisisha √(x² + 9). Wengi, na hapa nasema vijana wenye A na B za kidato cha nne, wanaandika x + 3. Huwa siwasahihishi. Nawaambia wekeni x = 4. Kushoto wanapata √25, yaani 5. Kulia wanapata 7. Wanatazamana.

Huyo kijana aliyeandika x + 3, mwezi wa kumi atakuja kuniambia "Mwalimu, intigresheni siielewi." Intigresheni anaielewa. Swali la alama kumi la intigresheni, kazi ya kalkulasi yenyewe ni mstari mmoja au miwili. Mistari mingine yote ni aljebra: kutafuta fakta, kuvunja sehemu moja kubwa kuwa sehemu ndogo mbili, kukamilisha mraba, kugeuza saini (sin) kuwa kosini (cos). Anaangukia humo, halafu lawama anaipa topiki mpya kwa sababu ndiyo imeandikwa juu ya ukurasa.

Nije kwangu. Mama alikuwa anauza dagaa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Nilipopangiwa shule ya bweni, mbali kidogo na mjini, mwalimu wetu wa Advance aliondoka kabla hata ya likizo ya kwanza na hakuletwa mwingine muhula mzima. Tukawa tunanakili madaftari ya kidato cha sita. Nilijaza madaftari matatu kwa mwandiko mzuri sana. Hapo ndipo penye mtego ambao nataka kila kijana ausome mara mbili: ukifuata swali lililosoviwa na mwenzako, kila mstari unauona ni sahihi, unakubali, unafungua ukurasa wa pili. Unajiona umesoma. Ukipewa karatasi nyeupe, mstari wa kwanza haupo kichwani, maana hukuwahi kuutafuta, uliukuta.

Ndiyo ile 17.

Dada mmoja wa kidato cha sita aliitazama karatasi yangu, hakunifariji. Alichukua kalamu akazungushia makosa, akaniuliza: "Hapa kuna kosa gani la kidato cha tano?" Tulitafuta wote wawili. Kati ya makosa kumi na kitu, ya kidato cha tano yalikuwa mawili. Yaliyobaki yalikuwa ishara ya kutoa iliyopotea mbele ya mabano, logarithi ya jumla niliyoigeuza kuwa jumla ya logarithi, sehemu zilizojumlishwa kama samaki kwenye ndoo, juu na juu, chini na chini.

Likizo ya Desemba nilirudi Kirumba na vitabu vya kidato cha pili na cha tatu. Wiki nne. Mchana namsaidia mama, usiku nasovu zoezi kwa zoezi: vipeo, fakta, milinganyo ya kwadrati, logarithi. Nilifungua pia daftari dogo la makosa. Kila kosa mistari mitatu: nilichoandika, kilicho sahihi, na namba inayonithibitishia. Kama ile 4 kwenye √(x² + 9). Daftari hilo bado ninalo. Mtihani wa mwisho nilipata C ya Advance, na mama alipiga vigelegele kama vya A.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mnaosubiri kuripoti: hii miezi msikimbilie tuisheni ya kalkulasi. Rudini nyuma. Ulizeni maswali, nitajibu.

---

Mawe ya Mwanza

Mwalimu nakuheshimu, ila tusidanganyane. Advance ni kipaji. Darasa letu tulikuwa arobaini, kulikuwa na kipanga mmoja anasovu kichwani, anaandika jibu tu. Sisi wengine tulipiga msuli mpaka saa nane usiku, miguu kwenye beseni la maji tusilale. Tukaishia S (iliyo juu kidogo tu ya F) na F. Msiwape watoto matumaini ya bure, kuna watu Mungu hakuwaumbia hesabu na kuna mambo mengine mazuri ya kusoma.

---

Mzazi wa Buzuruga

Asante mwalimu, Mungu akubariki. Binti yangu ana C ya hesabu, fizikia B, kemia B. Anataka PCM, hataki kusikia kingine. Baba yake anasema C haitoshi. Tufanyeje?

---

Mwalimu wa Kirumba

Mama, nianze na wewe. Herufi C hainiambii kitu kikubwa. Kuna C ya mtoto aliyekosa kwa sababu shule haikumaliza mada, na kuna C ya mtoto anayebahatisha. Hizo ni C mbili tofauti kabisa. Mpe haya leo usiku, bila kikokotoo, bila simu, umkalie jirani:

Rahisisha √(x² + 9). Jumlisha 1/x na 1/(x + 1). Tafuta x kama x² = 5x. Andika log(a + b) kwa namna nyingine kama inawezekana. Tafuta −3² na (−3)².

La kwanza na la nne ni mitego, hakuna cha kurahisisha, na mtoto anayesema "hii haiendi popote" amefaulu. La tatu wengi wanagawa pande zote kwa x wanapata 5, wanaipoteza 0. Usimsahihishe palepale. Akikosa, mwambie aweke namba aone mwenyewe. Anayekosa halafu akagundua kosa lake kwa kuweka namba, huyo ningempokea PCM hata na C. Mwenye B anayebishana na namba ananipa wasiwasi zaidi.

Kaka Mawe, kipaji kipo, siwezi kukukatalia. Nimefundisha watoto wanaoona jibu kabla sijamaliza kuandika swali. Lakini nikuulize kwa heshima: zile saa nane za usiku mlikuwa mnafanya nini? Kama mlikuwa kama sisi, mlikuwa mnasoma maswali yaliyokwisha kusoviwa na kukariri hatua. Hiyo hata ukiifanya mpaka alfajiri, mtihani ukibadilisha namba mbili umekwisha. Yule kipanga wenu alikuwa haogopi karatasi tupu. Hilo linafundishika, nimelifundisha.

Tena nikupe habari ya mama yangu, aliyeishia darasa la saba. Wavuvi wa dagaa mnajua wanaingia ziwani siku za giza, wanawavuta dagaa kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za sola. Mwezi ukijaa, taa inakosa nguvu, mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo kwetu pesa ilikuja na kuondoka na mwezi, na mama alikuwa anapanga madeni yake kwa mwezi wa angani. Alikuwa na msemo: mwezi ukikaribia kujaa hauna haraka, ukiwa nusu ndio unakimbia. Nilikua nikiusikia kama maneno ya watu wazima.

Kidato cha tano ndiyo nikauelewa. Mwezi unarudi ulipoanzia kwa siku kama 29.5. Ukianza kuhesabu t siku ya mwezi mwandamo, sehemu ya uso wake inayong'aa ni takriban (1 − cos(360°t ÷ 29.5)) ÷ 2. Weka t = 6 unapata asilimia 36 hivi. Weka t = 8 unapata 57. Siku mbili, umeruka zaidi ya 20. Sasa weka 13 unapata 97, weka 15 unapata karibu 100. Siku mbili zilezile, mabadiliko ni kama 3 tu. Ukitafuta kasi ya mabadiliko ya kosini unapata saini, na saini ni sifuri pale pale kosini inapofika kilele au chini kabisa. Kileleni kitu hakina haraka. Mama alikuwa ameiona difrensiesheni kwenye anga ya Mwaloni kwa macho yake, akaitumia kujua lini akope na lini alipe.

Ndiyo maana neno "hakuumbiwa hesabu" linaniuma. Nikilisikia namwona yeye.

---

Fundi Michoro

Naunga mkono hoja, na niongeze ambalo walimu wengi hawalisemi. Mimi nilisoma PCM, sasa nipo kwenye ujenzi. Tulisoma hisabati kwa Kiswahili miaka saba, kidato cha kwanza lugha ikageuka. Mpaka kidato cha tano nilikuwa bado natafsiri kichwani huku saa inakwenda. Kilichonitesa ni maswali ya maneno, hasa ya upangaji wa mistari (linear programming), yale ya mfanyabiashara ana mtaji fulani anataka faida kubwa. Namba nilikuwa naziweza. Ishara (≥ na ≤) ndiyo nilikuwa nageuza.

Dawa niliyoipata: swali likishasomwa, naliandika pembeni kwa Kiswahili, maneno machache. "Angalau magunia 5" maana yake 5 au zaidi. "Isiyozidi 5" maana yake 5 au pungufu. Hayo mawili tu yaliniokolea alama nyingi.

Na kwa wanaouliza vekta (vipimo vyenye ukubwa na mwelekeo) zinasaidia nini, wakivuka daraja la Kigongo–Busisi wazitazame zile nyaya pale kwenye minara. Kila waya unavuta kwa mshazari, na mvuto huo unaugawa mara mbili: sehemu inayoinua na sehemu inayovuta kwa mlalo. Nyaya za upande huu na za upande ule zinavutana kwa mlalo mpaka mnara unabaki wima. Nilisoma hiyo kwenye karatasi na kalamu, leo napita juu yake na gari pale tulipokuwa tunasubiri kivuko.

---

Mdogo wa PGM

Shikamoo mwalimu. Mimi nipo kidato cha tano sasa hivi, nimerudi likizo Ilemela. Kwenye vekta kuna swali la boti na upepo kila siku linanichanganya. Nafuata mfano, nikibadilishiwa kidogo napotea. Ni kama ulivyosema, nafuata tu.

---

Mwalimu wa Kirumba

Marahaba mdogo wangu. Na kaka Fundi, hilo la lugha ni kweli tupu, nimelinakili nikawasomee.

Boti. Funga daftari la mifano. Chukua mtumbwi unaotaka kuvuka mahali penye upana wa mita 1,200. Unakwenda mbele mita 3 kwa sekunde. Upepo unausukuma kando mita 1 kwa sekunde. Kabla ya kugusa kalamu niambie: upepo umeuchelewesha?

Watu wengi wanasema ndiyo. Jibu ni hapana. Upepo unasukuma kando, haugusi kasi ya kuvuka. 1,200 gawa kwa 3, sekunde 400, kama vile hakuna upepo. Ila katika sekunde hizo 400 umesogezwa kando mita 400, kwa hiyo utatia nanga mbali na ulipokusudia. Hizo ni habari mbili zinazokwenda kila moja njia yake, na vekta ni namna ya kuziandika pamoja bila kuzichanganya.

Sasa badilisha. Nataka nitue mkabala kabisa na nilipotoka. Lazima nielekeze kichwa cha mtumbwi kidogo upande upepo unakotoka, ili sehemu ya kasi yangu iuue upepo. Katika 3 yangu natumia 1 kuua upepo, kwa hiyo saini ya pembe ni 1/3, pembe kama nyuzi 19.5. Kilichobaki cha kuvuka ni √(9 − 1), yaani √8, kama 2.83. Na hapo usiniandikie kwamba √(9 − 1) ni 3 − 1! Muda unakuwa kama sekunde 424. Sasa ndiyo umechelewa, sekunde 24, na umechelewa kwa sababu umechagua kunyooka.

Ukiweza kumweleza mvuvi pale ufukweni hayo yote bila kuandika alama hata moja, swali hilo halitakusumbua tena likija na ndege badala ya mtumbwi.

---

Mzazi wa Buzuruga

Mwalimu, nimempa yale maswali matano. Mawili ya mtego ameyakataa, amesema hayaendi popote. Sehemu amejumlisha vizuri. Yale ya −3 yote amepata. Ile x² = 5x ameandika 5 peke yake. Nikamwambia weka namba nyingine ujaribu. Amekaa nayo kama dakika kumi, akaruka kwenye kiti, "Mama, hata sifuri!" Baba yake alikuwa sebuleni amesikia.

---

Mwalimu wa Kirumba

Mama, hizo dakika kumi ndizo nilizokuwa nazitafuta. Mwacheni aende PCM.

Niwaachie swali moja vijana wote mlioko humu, wa kidato cha nne mliomaliza na wa kidato cha tano. Mama mmoja anaanika dagaa ufukweni. Ana wavu wa uzio mita 60, anataka kuzungushia uwanja wa mstatili bata na mbuzi wasiingie. Upande wa ziwa hauhitaji uzio. Pande tatu tu. Azipime vipi ili apate eneo kubwa kuliko yote? Andikeni hatua zote.

---

Mdogo wa PGM

Upande unaotoka ziwani nauita x, na ziko pande mbili za hivyo, kwa hiyo unaokwenda sambamba na ziwa ni 60 − 2x. Eneo ni x(60 − 2x) = 60x − 2x². Difrensiesheni inatoa 60 − 4x, naiweka sawa na sifuri, x = 15. Upande mrefu 30. Eneo mita za mraba 450. Difrensiesheni ya pili ni −4, hasi, kwa hiyo ni kilele kweli.

---

Mwalimu wa Kirumba

Safi sana, na hiyo ya kuhakikisha kwamba ni kilele wengi huisahau. Sasa kwa wale ambao hawajafika kidato cha tano: je, inawezekana bila kalkulasi kabisa?

---

Mzazi wa Buzuruga

Shikamoo mwalimu, ni mimi binti, natumia simu ya mama.

Nimeanza na 60x − 2x². Nimetoa −2 nje: −2(x² − 30x). Nusu ya 30 ni 15, mraba wake 225, nimekamilisha mraba: −2[(x − 15)² − 225]. Nikifungua napata 450 − 2(x − 15)². Mraba hauwezi kuwa hasi, kwa hiyo kinachotolewa kwenye 450 kidogo kabisa ni sifuri, na kinakuwa sifuri x ikiwa 15. Jibu 450 kama la kaka. Mara ya kwanza nilikosea ishara kwenye mabano, nikaweka x = 10 pande zote mbili, zikakataa kulingana, nikarudi.

---

Mwalimu wa Kirumba

Marahaba mwanangu. Fungua daftari la makosa leo leo, hiyo ishara ya kwenye mabano iwe mstari wa kwanza. Halafu badilisha: wavu si mita 60, ni mita L. Sitaki namba.

---

Mzazi wa Buzuruga

x ni robo ya L. Eneo ni L² gawa kwa 8. Nimeweka 60, imetoa 450.